Sinema ni Kazi ya Kaunti: Barua ya Wazi kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Kisumu

Mheshimiwa Gavana, Mheshimiwa Spika, Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, na wewe Waziri wa Kaunti unayesimamia utamaduni, sanaa na utalii,

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, nambari ya 4, inataja kazi za serikali za kaunti katika utamaduni na burudani ya umma. Leseni za vileo zimo. Chini yake tu yamo majumba ya sinema, kisha maonyesho na ukodishaji wa video, kisha maktaba, makavazi, bustani na fuo. Leseni za vileo zimepata sheria, kamati, maafisa na misako. Sinema je? Tangu ugatuzi uanze 2013 sijapata kuonyeshwa mlango hata mmoja ambao mtu wa filamu anaweza kuubisha akijua kwamba ndani ameketi afisa ambaye kazi yake ni hiyo.

Mimi ni mtengenezaji filamu wa kujitegemea. Natengeneza filamu za makala na, pesa zikipatikana, za kubuni. Naishi Kisumu na sina nia ya kuhamia Nairobi, ingawa watu wanaonitakia mema wamenishauri hivyo mara nyingi. Nawaandikia kwa sababu ninyi ndio mliokabidhiwa na Katiba jambo ambalo sisi wenyewe hatuliwezi: kuhakikisha kwamba filamu iliyopigwa hapa inaonekana na watu wa hapa.

Wengi serikalini hudhani shida yetu ni kamera. Kila mkutano wa vijana huishia kwa ahadi ya kamera na mafunzo. Kamera tunazo, na tusizokuwa nazo tunazikodi. Shida yetu kubwa huanza siku kazi inapokamilika.

Niruhusuni nieleze tunavyoishi, maana naona hayajulikani. Mtu wa filamu wa kujitegemea hana mshahara. Huku kwetu, Nyanza na Magharibi, riziki yake ya kila wiki hutoka matangani. Mwili ukitoka mochari Ijumaa, sisi tupo. Usiku wa mkesha tupo. Jumamosi kaburini tupo, na kamera mbili na intaneti ya kuwarushia moja kwa moja watoto wa marehemu walioko Marekani na Uingereza, ambao hawakupata nauli au viza. Nimesikia watu wakiidharau kazi hii. Mimi siidharau hata kidogo. Matangani ndiko nilikojifunza kusubiri. Ndiko nilikojua kuutambua uso utakaozungumza kabla haujafungua kinywa, na kunasa sauti ya mzee asiyezoea kipaza sauti huku mvua ikipiga mabati na jenereta ikinguruma nyuma ya hema. Hotuba za matanga ya Waluo na Waluhya zimebeba historia ambayo haijaandikwa popote: nani alifanya kazi ya reli, nani alikata miwa Miwani na Chemelil, shamba lile liligawanywaje, ukoo ulihamaje. Vijana wanaopiga picha hizo wanahifadhi kumbukumbu za eneo zima katika diski zinazokaa kwenye masanduku chini ya vitanda. Sijasikia maktaba wala makavazi yaliyowahi kuziulizia.

Riziki ya pili ni mashirika. Kisumu imejaa mashirika yasiyo ya serikali, na kila mradi unataka video ya dakika tano. Tunaifanya, na kwa uaminifu. Serikali nayo hutoa kazi zake: uzinduzi wa soko, ukarabati wa zahanati. Afisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ilinipa kazi ya namna hiyo na malipo yakachelewa hadi fundi wangu wa sauti akauza maikrofoni zake ili alipe kodi ya nyumba. Pesa zilipokuja hakuzinunua tena. Siku hizi anaendesha boda boda Kondele, na mimi sijapata fundi mwingine mwenye sikio kama lake.

Kati ya riziki hizo mbili ndipo mtu hupata nafasi ya kufanya filamu yake mwenyewe, na filamu ya makala haifanywi kwa haraka. Chukueni mfano wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria. Huwezi kumfuata mama muuza omena juma moja ukadai umemjua. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane. Basi ukitaka kuonyesha anavyolisha nyumba ziwa likifungwa na anavyohangaika likifunguliwa, sharti uwe naye mwaka mzima. Na mwaka huo ukivurugwa, kama 2020 ziwa lilipopanda likameza nyumba na vibanda vya ufuoni, unaanza upya au unakubali kwamba hadithi yako imekuwa nyingine. Kisha inakuja miezi ya kuhariri, ya kufasiri Kidholuo kwa maandishi chini ya picha, ya kusawazisha rangi na sauti. Filamu moja kula miaka mitatu, minne, hata mitano ni kawaida katika kazi hii, popote duniani.

Pesa za miaka hiyo hutoka wapi? Nairobi kuna DocuBox, mfuko ulioanzishwa na Judy Kibinge, ambao umewainua wengi wa Afrika Mashariki. Ukitoka hapo unaandika maombi kwa mifuko ya filamu ya Amsterdam, Toronto, Sundance, au unakwenda kuitetea hadithi yako kwenye soko la filamu la Durban. Siwalaumu wanaotoa, bila wao wengi wetu tungekuwa tumeacha. Lakini mwenye kulipa ana maswali yake. Mwombaji ameketi Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, anaieleza Nyalenda kwa mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa, na ili apate ruzuku anajifunza kuanza pale mgeni asipojua, na kuyaruka yale ambayo jirani yake angetaka kuyasikia. Filamu inaanza kuzungumza na mgeni kabla haijapigwa picha moja. Mwishoni matamasha makubwa yanataka yawe ya kwanza kuionyesha, kwa kuwa ndivyo biashara yao ilivyo. Kwa hiyo filamu ikikamilika inapanda ndege.

Na huku? Akina mama wa ufuoni waliokubali niingie na kamera jikoni kwao waliniuliza, "Tutaiona lini, na wapi?" La lini nililijibu. La wapi sikuwa na jibu. Jumba la kibiashara haliwezi kuiacha filamu ya Marekani inayojaza viti Jumamosi ili lionyeshe yetu. Stesheni moja ya televisheni iliniambia itanipa saa moja hewani bila malipo yoyote kwangu, na mdhamini nimtafute mwenyewe. Tukaishia kwenye simu. Kiungo kikapitishwa katika vikundi vya WhatsApp, na mama ambaye uso wake umebeba filamu nzima akaona robo ya kwanza, bando ikaisha. Watu wa miji ambayo hataifika walikuwa wamemwona ukutani, mkubwa kuliko nyumba yake, na wakasimama kumpigia makofi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sisi tunacheza kwetu, tunatuzwa ugenini, na wa kwetu hawajui kama tulicheza.

Msidhani hili ni suala la hisia za wasanii tu. Filamu iliyolitangaza sana ziwa letu duniani ni Darwin's Nightmare ya 2004, kazi ya Hubert Sauper wa Austria, iliyopigwa Mwanza kuhusu biashara ya mbuta, yaani sangara. Iliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani kwamba inaichafua Tanzania. Sitaki kuingia katika ubishi wao. Ninachokiona mimi ni kwamba serikali ilibaki kuijibu filamu kwa hotuba. Kama wakazi wa ziwa wangekuwa na filamu zao kumi za kuweka kando ya ile moja, watu wangezitazama zote wakapima wenyewe. Upande wetu wa ziwa una gugu maji, una vizimba vya samaki, una jaboya, yaani kutoa ngono ili kupata samaki, ambayo wanawake wanaizungumza kwa minong'ono, una vijana wanaouliza kwa nini samaki wa sokoni ametoka China. Mgeni mwenye pesa atakuja kuyasimulia. Labda atayasimulia vizuri. Lakini asiwe peke yake.

Najua si yote yaliyo mikononi mwenu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa 1962, kabla ya uhuru, na ndiyo tunayoishi nayo. Inadai leseni kwa kila filamu, na inamruhusu afisa wa leseni kutaka maelezo ya mandhari yote na maneno yote yatakayosemwa. Kwa filamu ya kubuni sawa, mswada wa hadithi upo. Kwa filamu ya makala, nitaandikaje leo atakachosema mvuvi mwezi ujao mtumbwi ukirudi mtupu? Hilo tunalipigania Nairobi. Kwenu naomba msilizidishie uzito. Niliwahi kushuka ufuoni alfajiri, katika kaunti moja ya eneo hili, nikiwa na leseni ya kitaifa mkononi, barua ya BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo), na idhini ya kila mtu ambaye angeonekana. Askari wa kaunti wakanizuia wakidai ada ya kupiga picha za biashara. Tulipomaliza kuelewana jua lilikuwa limeshapanda, mitumbwi imekwisha kupakuliwa, na wachuuzi wametawanyika. Boti, mpiga picha, fundi wa sauti, chakula, vyote vilikuwa vimelipiwa siku ile.

Mtaniambia kaunti haina pesa. Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani mwaka 1969, tamasha la filamu la Ouagadougou lilipoanza. Mwaka uliofuata serikali yake iliyataifisha majumba ya sinema, na sehemu ya mapato ya tiketi ikaelekezwa kwa watengenezaji filamu wa nchi hiyo. Hawakuwa na bahari, wala dhahabu ya kuwatosha wakati ule, lakini mpaka leo, kila baada ya miaka miwili, watu wa filamu wa Afrika yote hukutana Ouagadougou kwenye FESPACO. Karibu zaidi na sisi, Zanzibar walianza tamasha lao 1998. Hawakusubiri kujenga jumba jipya. Walitumia Ngome Kongwe, watu wakaketi wazi usiku wakitazama, na filamu nyingine zikapelekwa vijijini.

Tena hata sisi tulikuwa nalo jambo hili. Waulizeni wazee wa Seme au Nyakach kuhusu gari la sinema la Wizara ya Habari: kitambaa cheupe kikitundikwa jioni kwenye uwanja wa shule, watoto mbele chini, wazee nyuma kwenye viti walivyobeba kutoka nyumbani. Serikali ya wakati ule ilijua kwamba ukitaka watu waone, unawafuata waliko. Walichoonyesha kilikuwa chao wenyewe, mara nyingi propaganda, lakini gari lilifika.

Watazamaji wapo, hilo lisiwatie shaka. Ingieni kibanda chochote cha video Manyatta au Obunga jioni ambayo hakuna mpira. Mtakuta vijana wamebanana kwenye mabenchi, wamelipa shilingi zao, wanatazama filamu ya mbali ambayo DJ Afro ameifasiri kwa Kiswahili kinachowachekesha na kuwashtua. Sauti ya lugha wanayoielewa imewatosha kulipia hadithi isiyowahusu. Itakuwaje hadithi ikiwa ya Obunga yenyewe? Vibanda hivi ndivyo "maonyesho ya video" yaliyotajwa katika Katiba. Kaunti inavijua kwa leseni ya biashara na kwa kufungiwa. Wenye navyo wanajua kuvuta watu na kukusanya kiingilio kuliko mshauri yeyote mtakayemlipa kuandika ripoti. Waiteni.

Ukumbi nao upo. Mama Grace Onyango Social Centre, hapa mjini, unaitwa kwa jina la mwanamke aliyekuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, kisha 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bungeni. Ni mali ya umma. Sisemi ugeuzwe kuwa jumba la sinema la kila siku. Una kazi nyingine nyingi na zote ni halali. Naomba jioni moja kila juma. Naomba mapazia mazito, projekta yenye mwanga wa kutosha, skrini, spika zinazosikika mpaka nyuma, na fundi mmoja aliyeajiriwa anayejua kuviwasha na kuvitunza. Jioni hiyo itangazwe na isiahirishwe kwa sababu kuna semina. Kiingilio kiwe kile ambacho mchuuzi wa Kibuye anaweza kumlipia na mwanawe, na mgao wa mwenye filamu utumwe kwa M-Pesa usiku uleule. Nimetaja usiku uleule kwa makusudi, nikimkumbuka fundi wangu wa sauti.

Baadaye, gari. Moja tu, lenye skrini ya kukunja na jenereta isiyopiga kelele, lizunguke Muhoroni, Nyando, Nyakach, Seme. Filamu ya kiwanda cha sukari cha Miwani ionyeshwe Miwani, mbele ya wazee waliofanya kazi pale kabla hakijafa, wasimame baada ya taa kuwashwa waseme tulipopatia na tulipokosea. Hakuna mhakiki wa filamu ninayemheshimu kuliko mtu aliyekuwemo.

Kisha tazameni zaidi ya Kisumu. Jumuiya ya Kiuchumi ya Kaunti za Ziwa ina kaunti 14, na makao yake yako papa hapa. Kila kaunti ikiwa na ukumbi mmoja wenye giza na skrini, filamu ya Kisumu itakwenda Kakamega, Busia, Homa Bay, Kisii, Kericho, na ya Bungoma itakuja kwetu. Ikilipwa ada ya haki kila inapoonyeshwa, mtengenezaji ataianza inayofuata kwa pesa za watu wa eneo lake. Maombi ya Amsterdam tutaendelea kuyaandika, lakini tutakuwa tunaandika tukiwa na kitu mkononi. Na tutaweza kuwakatalia baadhi ya maswali yao.

Lipo jambo zito ambalo lazima niliseme. Skrini hiyo isiwe ya kuwasifu ninyi. Mkianza kuchagua filamu kwa kutazama nani ametajwa vibaya, bora msianze kabisa. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Mipaka yake, kama vile uchochezi na matamshi ya chuki, imeandikwa palepale, na aibu ya kiongozi haimo. Filamu zichaguliwe na kamati ya watu wa filamu, walimu, wenye vibanda na wananchi wa kawaida, na afisi ya Gavana isiwe na kura.

Maana zipo filamu za hapa zitakazouma. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kuifungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ambayo watu wengi bado wanaiita Russia. Risasi zilifyatuliwa kwenye umati. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 11. Familia na mashahidi wamesema miaka yote kwamba walikuwa wengi zaidi. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile amepita 75 sasa. Nimeketi na baadhi yao. Wanakumbuka viatu vilivyobaki barabarani, wanakumbuka walikimbilia wapi, wengine hawajawahi kuwasimulia watoto wao. Kazi ya namna hiyo inahitaji muda, fundi mzuri wa sauti na mtu asiyeharakishwa na tarehe ya mwisho ya mfuko wa ng'ambo. Sisi tunasubiri majibu ya ruzuku, wao wanaondoka. Mara nyingine mimi ndiye ninayeajiriwa kupiga picha za mazishi yao, na ninasikiliza mtoto akisoma wasifu wa marehemu ambamo siku ile haimo.

Waheshimiwa, kalenda yenu ya fedha mnaijua vizuri kuliko mimi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Naomba sinema iwe na mstari wake katika hati hizo zote tatu, hata ukiwa mdogo, wala usifichwe ndani ya burudani ambako huliwa na mahema na mashati ya fulana. Naomba Mswada wa Fedha ujao umwondolee ada mkazi wa kaunti anayepiga filamu akiwa na leseni ya kitaifa. Naomba afisa mmoja, mwenye jina na nambari ya simu mlangoni.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi katika bunge la kaunti, nami nitayapeleka haya rasmi kwa karani. Kamati ikituita tutakuja: waelekezi, wapiga picha, wahariri, wenye vibanda vya video. Akina mama wa ufuoni wamesema watakuja pia, na wanataka kujisemea wenyewe. Kwa ajili yao naomba kikao kisiwe cha asubuhi, kwa kuwa asubuhi mitumbwi inarudi na wao huwa wananunua omena.

Wenu,
Mtengenezaji filamu wa kujitegemea, Kisumu